Ombi la Tatu

Mpaka leo watu wakinikuta sokoni wananisimamisha kuniambia walivyocheka siku ile. Mama mmoja wa Nyundo, mteja wangu wa vitenge, alinishika mkono akasema mbavu zilimuuma hadi jioni, na kwamba kaka yangu angefaa kuonyeshwa kwenye televisheni. Nikampimia kitenge chake, nikakikunja, nikamwambia karibu tena. Ningemwambia nini? Alikuwa amealikwa kucheka, akacheka.

Kaka yangu ni Habineza. Kama umewahi kuhudhuria harusi hapa Gisenyi, umemsikia. Kwetu binti haendi kwa mume mpaka ukoo wa kijana uje kumwomba hadharani, na kila upande huwa na msemaji wake. Upande wa kijana huomba. Upande wa binti hukataa kwanza: hujifanya hauwajui wageni, husema binti ameshaposwa kwingine, huuliza ng'ombe wao wamekonda kwa ugonjwa gani, wakati mwingine humtoa msichana mwingine kabisa na kuwauliza kama ndiye. Watu hucheka na kunywa, na mwishowe msemaji husimama na kusema, "Tumewapa." Neno hilo la kumtoa binti likishatoka halirudi. Habineza alikuwa msemaji wa upande wa binti, na hakuna aliyejua kukataa kama yeye. Kuna familia zilizomuuliza yeye tarehe kwanza, padri baadaye.

Na binti yake mwenyewe aliondoka bila kuombwa.

Murekatete alikuwa mtoto wake wa pekee. Mama yake alifariki angali ananyonya, nikamlea mimi, Nyirasafari, shangazi yake. Aliniita Masenge, ndivyo Wanyarwanda wanavyomwita shangazi, na kwa kuwa mimi sikujaliwa mtoto, asije mtu kuniambia hakuwa wangu. Alikuwa mchezaji. Wanawake wetu hucheza wameinua mikono juu kama pembe za ng'ombe, na Murekatete akiinua yake hata walevi walinyamaza. Alipoanza kupevuka nilimnunulia mushanana wa siku ya kuombwa kwake, ile nguo nyepesi inayofungwa begani, rangi ya maziwa, nikauweka sandukuni na majani ya mkaratusi ili wadudu wasiuguse. Kisha akampenda Valentin, mtu wa kabila la Bashi wa Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, fundi wa injini za boti, akashika mimba. Aibu ya kumwambia baba yake ikamshinda, akavuka mpaka na mfuko mmoja. Mji ukapata cha kusema. Mganga hajigangi, walisema, tena walisema kaka yangu akiwa anapita, ili asikie.

Valentin alifanya ipasavyo, japo alichelewa. Alileta wazee wake kuomba radhi, na mitungi ya pombe ya mtama. Kaka yangu aliwaacha getini, juani, mpaka wakageuka wakarudi na mitungi yao. Miaka ikapita. Volkano ya Nyiragongo ilipopasuka mwaka 2021 na watu wa Goma wakamiminika kwetu na magodoro kichwani, Murekatete alifika kwenye geti lilelile akiwa amemshika mkono binti yake, Alliance. Habineza alifungua. Akamtazama mtoto, akambeba, akamfuta majivu usoni kwa shati lake, akaingia naye ndani, geti likafungwa. Murekatete alilala kwangu. Mama yake aliporudi Goma, Alliance alibaki kwa babu yake akisoma, na sitasema uongo, babu alimpenda. Mzee aliyekuwa hajui hata kuwasha jiko alimchemshia maziwa kila asubuhi. Jina la mama yake tu ndilo halikutajwa katika nyumba ile.

Mwaka jana Valentin akafa. Homa ilimlaza siku chache ikamchukua. Matanga yalipokwisha, shemeji zake Murekatete walimkalisha wakamwambia kwamba wao hawakupewa mke na mtu yeyote, kwamba nyumba ni ya ndugu yao, na kwamba arudi kwao. Na kwao ni lile geti. Kila nilipovuka mpaka pale Petite Barrière na vitenge vyangu nilimkuta amepungua zaidi.

"Masenge," aliniambia siku moja, "mi sitake nyumba, sitake shamba. Nataka tu baba aseme alinitoa. Nikuwe mutu mwenye iko na kwabo."

Mpango ulikuwa wa Alliance. Shule yao hufanya siku ya mila kila mwaka. Kwetu hatuulizani kabila, hiyo kila mtu anajua na sababu yake anaijua, kwa hiyo walimu husema kwa upole tu: kila mmoja acheze vya kwao. Wapo watoto wa ng'ambo ambao wazazi wao ni Bahunde, Bashi na Banande, wapo waliorudi kutoka Uganda na ngoma zao za kurukaruka, wapo wa hapa. Safari hii mwalimu Viateur, kijana aliyehamia kutoka kusini na asiyejua habari za mtu, alitaka pia igizo la kuomba binti, tena kwa Kiswahili ili wageni wa Goma wafuate. Akaja nyumbani kumwomba Habineza awe msemaji wa upande wa binti, na yeye Viateur angesemea upande wa kijana. Alliance angekuwa bibi arusi. Kaka yangu alikubali kabla mwalimu hajamaliza soda yake.

Siku chache baadaye Alliance alikuja dukani kwangu kunisaidia kukunja vitenge. Alikunja viwili vitatu.

"Masenge," akasema, maana aliniita kama mama yake, "mwalimu ameniuliza bibi arusi aitwe nani. Nimemwambia Murekatete."

Niliweka kitenge chini.

"Sogoku anasemaka neno ya kutoa hairudi," akaendelea. Babu yake alimwita Sogoku. "Akisema mbele ya batu, ametoa. Mama atakuwa pale. Baba wadogo pia nimebaalika, basikie na masikio yabo. Donc hawatamufukuza tena."

Ningemkataza. Mtu mzima mwenye akili zake angemkataza. Lakini alikuwa amepata miaka kumi na tano na alikuwa amefikiria jambo ambalo sisi wakubwa hatukulifikiria miaka yote hiyo, na mimi nilitaka sana liwe kweli. Nikaenda sandukuni nikautoa mushanana. Ulikuwa bado unanukia mkaratusi. Nikamwambia avae ule siku hiyo, akauweka kifuani kuupima, ukamkaa.

Kuna kitu tulikisahau, mimi na yeye, na ndicho kinachonikera hata sasa. Neno la kutoa huja mwisho. Kwanza msemaji hukataa.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri mno, ya kuudhi. Ziwa lilikuwa limetulia chini ya mji, mahema yamefungwa uwanjani, na juu ya jukwaa kitambaa kilichoandikwa kwa rangi ya kijani: Mcheza kwao hutunzwa. Mzazi mmoja wa Mudende alikuwa amemleta ng'ombe wa kweli mwenye pembe ndefu, kwa ajili ya mahari ya igizo, na ng'ombe huyo alijisaidia mbele ya mgeni rasmi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaketi. Watoto walifurahia hilo kuliko ngoma zote.

Murekatete nilimweka safu ya nyuma, kiti cha mwisho. Shemeji zake wawili walikuwa mbele kidogo, wamevaa suti. Watoto wa Bashi wakacheza, wa Bahunde wakacheza na kengele miguuni, kisha wavulana wetu wakaingia na manyoya ya katani vichwani wakikanyaga ardhi mpaka vumbi likasimama. Wasichana walipofuata na mikono yao juu, walimu walianza kuwavuta akina mama waingie. Mmoja alimfikia Murekatete akamshika mkono. Murekatete akatikisa kichwa, akarudisha mikono yake mapajani, moja juu ya nyingine, akaikandamiza hapo. Mimi nilijua anachokikandamiza.

Kisha ikawa zamu ya igizo. Pande mbili za viti zilitazamana, na katikati mtungi wenye maji ya matunda, kwa kuwa shuleni pombe haiingii. Nilikaa upande wa binti kwenye kiti cha shangazi, maana shangazi lazima awepo. Alliance alikuwa amefichwa nyuma ya pazia la mkeka pamoja na wenzake. Habineza aliingia na fimbo yake na kitambaa cheupe begani, akakaa, na kabla hajasema neno watu walikuwa tayari wanatabasamu.

Mwalimu Viateur alisimama akasalimia vizuri, akasifu boma, akasifu ng'ombe. Akasema, "Bazee, tumeona ua katika nyumba yenu. Tumekuja kuomba binti yenu, Murekatete."

Kaka yangu alikuwa anainua kibuyu kunywa. Mkono ukasimama. Aliniangalia mimi kwanza, halafu akatafuta katika viti, safu kwa safu bila haraka, na nikajua amemwona pale macho yalipoacha kutembea. Watu walisogeza viti mbele. Walidhani anawapa hamu; Murekatete ni jina la wengi kwetu, na wa kaka yangu walikuwa wameshamsahau.

"Nani?" akauliza.

"Murekatete, muzee."

Akaweka kibuyu chini, akajifuta mdomo. "Mwalimu, umepotea nyumba. Hapa hakuna binti wa jina hilo. Nimezaliwa hapa, nimezeeka hapa, na huyo sijawahi kumuona. Labda ulimuona ku barrière, kule iko batu wengi wenye kupita bila kuagana."

Watu waliangua kicheko. Mzazi mmoja nyuma yangu alipiga makofi hadi kiti chake kikateleza. Shemeji wa Murekatete, yule mnene, alitoa kitambaa mfukoni akafuta machozi ya kucheka. Na mimi nilikuwa nimekaa na tabasamu la shangazi wa igizo limeniganda usoni, nikiwaza kwamba bado, bado, haya ni maneno ya kawaida, hata mabinti wa mawaziri amewakana hivi hivi. Nikasimama. Shangazi anaruhusiwa kusimama.

"Kaka," nikasema kwa sauti ya kusikika, "sisi bashangazi tunamujua. Tulimulea. Na tumekubali atolewe."

"Bashangazi wanaulizwaka saa ya chakula," akasema Habineza, na kicheko kikawa kikubwa zaidi. Niliketi. Katika maisha yangu nimetukanwa na askari wa mpakani, na wateja, na marehemu mume wangu, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia na watu wanapiga makofi.

Viateur alikuwa amefurahi kupita kiasi. Mchezo ulikuwa unaenda vizuri kuliko mazoezi aliyofanya na wanafunzi bila mzee. Akamsogeza ng'ombe karibu, akapiga goti kama inavyotakiwa, akasema, "Muzee, tunaomba tena. Hatuna pengine pa kwenda. Utupe Murekatete."

Kaka yangu alimtazama ng'ombe. "Bon," akasema. "Mumesafiri mbali, hamuwezi kurudi mikono mitupu. Huyo munayemutaja hayuko. Lakini iko mumoja nimemulea mwenyewe kwa maziwa. Huyo ni wangu na anajua mulango wa nyumba. Alliance, toka."

Mkeka ukasogezwa. Alliance akatoka amevaa mushanana wa mama yake, na wanawake wakapiga vigelegele. Nilimwona Habineza anaitazama ile nguo. Aliijua. Aliwahi kunigombeza kwa gharama yake na baadaye akanichekea. Alliance hakwenda kwenye kiti cha bibi arusi. Alikwenda mpaka miguuni kwa babu yake akapiga magoti, mikono yote miwili akaiweka juu ya magoti ya mzee, namna mtoto wetu anavyoomba jambo kubwa.

"Sogoku," akasema, na kipaza sauti kilichokuwa mbele ya mzee kikaichukua sauti yake yote, "mi si huyo wanayemuomba. Mwenye wanamuomba iko pale, kiti cha mwisho. Muangalie tu."

Watu wote waligeuka nyuma, wakicheka tayari, wakitafuta mzaha upo wapi. Murekatete aliona nyuso zote zile zimemgeukia. Hakuinamisha uso. Alimtazama baba yake, na mimi nilimtazama baba yake, na naapa niliona kidevu chake kinacheza.

"Sioni mutu," akasema Habineza.

Uwanja ukalipuka. Hata mgeni rasmi alicheka, akampiga bega mkuu wa shule.

Murekatete akasimama. Akashika ukingo wa kitenge chake, akapiga goti kidogo pale alipokuwa, namna ya kumuaga mzee. "Asante, baba," akasema. Midomo yake niliisoma tu, maana kelele ilikuwa nyingi. Akageuka akaanza kutembea kuelekea geti la shule.

Alliance alinyanyuka miguuni kwa babu yake akamkimbilia mama yake. Alipomfikia akamshika mkono. Na hapo wale wasichana waliofundishwa wimbo wa kumsindikiza bibi arusi, walipomwona bibi arusi anaondoka, walidhani zamu yao imefika. Mpiga ngoma akaanza. Wakajipanga mistari miwili hadi getini, mikono juu, wakiimba wimbo wa kumwambia binti aende salama, asisahau alikotoka, na akina mama wakaacha viti vyao wakapiga vigelegele nyuma yao. Mtoto wangu akapita katikati ya mistari ile, mjane na kitenge chake cha matanga, akiwa ameshikwa mkono na binti aliyevaa nguo niliyomnunulia yeye. Hakuwahi kusindikizwa. Siku hiyo alisindikizwa, na Gisenyi nzima.

Nilitaka kuwafuata, lakini akina mama walikuwa wamejaza njia. Nililia palepale kwenye kiti cha shangazi, na mwanamke aliyekaa karibu nami akanipigapiga mgongoni akaniambia hata yeye harusi humliza. Viateur akaniinamia akaniuliza kama bibi arusi atarudi kwa ajili ya picha. Mgeni rasmi aliangalia saa yake, akaitwa kutoa hotuba.

Jioni nilikwenda kwa kaka yangu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yote ambayo nilikuwa nimeyameza tangu wazee wa Valentin wasimame juani. Nilimkuta jikoni, fimbo bado iko mkononi, sufuria ya maziwa juu ya jiko.

"Mutoto iko wapi?" akauliza.

"Amevuka na mama yake."

Akazima jiko. Alikaa juu ya gunia la viazi, yeye asiyekaa jikoni.

"Mbona hawakungoja?" akasema. "Ilibaki moja. Binti hatolewi kwa ombi ya kwanza, hatolewi kwa ya pili. Ya tatu ndiyo yenye kujibiwa. Ile mwalimu angeomba tena, ningesema. Nilikuwa nayo hapa." Akajigusa mdomo kwa kidole. "Amekulia katika nyumba yangu, Nyirasafari. Anajua desturi. Mbona hakungoja ya tatu?"

Sijui kama alisema kweli. Nimelifikiria hilo sana, na kuna siku naamini na kuna siku nataka kumpiga na fimbo yake. Lakini maneno yote niliyokuwa nimejiandalia yaliniishia, yakabaki haya tu.

"Kaka, ya kwanza ni ile siku bazee ba Valentin balikuja na mitungi. Ya pili ni siku ya volkano. Leo ilikuwa ya tatu."

Akaegemeza fimbo ukutani. Maziwa yalikuwa yameanza kufanya utando juu, na alikuwa anautazama.

Wale shemeji hawakuchelewa. Asubuhi ya pili walikuwa mlangoni kwa Murekatete, wakamwambia wamesikia na masikio yao wenyewe, hadharani, kwa kipaza sauti, baba yake akisema hakuna binti wa jina hilo. Wakamwambia msemaji mkubwa kama yule neno lake halirudi. Alliance alikuwa amesimama nyuma ya mama yake akisikia hayo. Sasa mama na binti wamehamia Bukavu, wanapanga chumba kimoja. Nimepiga simu, Murekatete huongea nami vizuri, ananiuliza mgongo wangu unaendeleaje. Alliance haji kwenye simu.

Kaka yangu hakubali tena kazi ya kusemea. Watu wanakuja mpaka getini kumbembeleza, wanadhani anakataa ili aombwe, kwa hiyo wanacheka na kurudi wiki inayofuata.

Juma lililopita mwanamke mmoja wa vitenge aliniletea furushi kutoka ng'ambo. Ulikuwa mushanana, umefuliwa, umepigwa pasi, umekunjwa vizuri kama nilivyomfundisha mwenyewe. Nilimpigia Murekatete kumuuliza kwa nini.

"Ni nguo ya mutu mwenye aliombwa, Masenge," akasema. "Si yangu. Mupe mwenye iko yake."

Sikujua mwenyewe ni nani, nikaupeleka kwa Habineza, nikauweka juu ya kitanda alichokuwa analala Alliance. Nilipopita juzi ulikuwa palepale, na juu yake mtu alikuwa ameweka majani mabichi ya mkaratusi.